Nyumba Zetu: Kodi Ilitangulia, Mkopo Bado Uko Njiani

Msikilizaji, na wewe msomaji unayeyapata mazungumzo haya gazetini baada ya kuyakosa redioni, juma hili nataka tuzungumzie nyumba. Sisemi juu ya matofali na bati. Hayo mafundi wetu wanayajua kuliko mimi. Nasema juu ya nyumba kama mali: nani mwenyewe, serikali inaidai nini, na kama huyo mwenyewe anaweza kuiweka rehani akapata fedha.

Swali hili limenifuata tangu Kayanga hadi Murongo. Mwananchi ananunua umeme wa LUKU, na kabla yuniti hazijahesabiwa anakatwa kodi ya jengo. Utaratibu huo ulianza Agosti 2021 kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikapandishwa kuwa 1,500. Mama mmoja mwenye duka pale Nkwenda aliniuliza hivi: "Mwanangu, kama serikali inaijua nyumba yangu kiasi cha kuitoza kila mwezi, mbona nikienda benki wananiambia nyumba hiyo haitambuliki?"

Nilimwahidi kulijibu hapa. Ni swali zuri kuliko wengi wanavyodhani, na jibu lake lina umri wa zaidi ya miaka 120. Kwa kifupi ni kwamba nyumba ya mtu wa Karagwe ilihesabiwa kwa ajili ya kodi mapema sana, lakini hakuna serikali iliyofanya haraka hiyo hiyo kumwandikia mwenyewe kwamba ni yake. Sasa tulifuate jambo hili tangu mwanzo wake.

Kwanza tuelewane juu ya neno kibanja. Kwa wasomaji walioko mbali na Kagera, kibanja si kiwanja. Ni shamba la nyumbani: migomba, chini yake maharage, kati yake mibuni, na nyumba imekaa humo humo ndani. Pembeni yapo makaburi ya babu na bibi. Nje ya kibanja kuna rweya, yaani uwanda wa nyasi, ambako zamani kila mtu alichunga na kukata nyasi za kuezekea msonge. Udongo wa rweya ni maskini. Kinachoufanya uoteshe mgomba ni samadi, majani na maganda yaliyotupwa mahali pale pale mwaka hadi mwaka, kizazi hadi kizazi. Anayerithi kibanja anarithi jasho la watu waliokwisha kufa. Likumbuke hilo, maana ndipo mabenki yatakapokuja kukwama.

Speke na Grant walipofika Bweranyange Novemba 1861 walimkuta Mkama Rumanyika akitawala Karagwe. Wafanyabiashara wa pwani, Waarabu na Waswahili, walikuwa na kituo chao Kafuro, si mbali na ikulu. Walikaa pale kwa ridhaa ya mkama, wakanunua pembe za ndovu, lakini ardhi haikuwa yao, na biashara ilipohamia njia nyingine Kafuro ilikufa. Wenyeji nao hawakuwa na karatasi yoyote. Kwa kauli, nchi yote ilikuwa ya mkama. Kwa vitendo, kibanja kilikuwa cha ukoo uliokilima na kuzika watu wake ndani yake, na mkama mwenye busara hakuugusa ukoo bila sababu.

Tusiupambe sana wakati ule, hata hivyo. Huku Kagera kulikuwa na desturi iliyoitwa nyarubanja, iliyokuwa nzito zaidi upande wa Buhaya, Kihanja na Kiziba kwa mfano, kuliko kwetu Karagwe ambako ardhi ilikuwa tele na watu wachache. Mkama aliweza kumzawadia mwanawe au kipenzi chake eneo lenye watu ndani yake. Watu hao, walioitwa abatwarwa, walibaki katika nyumba zao zile zile, ila tangu siku hiyo walikuwa chini ya bwana mpya, wakimpelekea pombe, vitambaa vya magome ya miti, na baadaye kahawa. Usiku unalala mwenye nyumba, asubuhi unaamka mpangaji. Nasikia wazee wengine wakisema kwamba zamani ardhi haikuwa na matatizo. Ilikuwa nayo.

Emin Pasha alianzisha boma la Wajerumani Bukoba mwaka 1890. Miaka ile ile sotoka iliangamiza ng'ombe, na Karagwe, nchi ya wafugaji, ikadhoofika vibaya. Mwaka 1897 serikali ya Kijerumani ikatangaza kodi ya vibanda kwa koloni zima, ikaanza kukusanywa mwaka 1898. Kibanda cha shambani kilitozwa rupia 3. Huku ziwani kodi hiyo ilifika baadaye kuliko pwani, lakini ilifika, ikasimamiwa na wakama wenyewe chini ya macho ya Bukoba.

Tazama kilichohesabiwa. Hawakuuliza ukubwa wa shamba wala idadi ya ng'ombe. Walihesabu paa. Kibanda ni rahisi kuonekana, hakikimbii, na karani hahitaji kujua kusoma mioyo ya watu ili ajue kipo. Wananchi nao si wajinga. Katika sehemu nyingi za koloni waliitikia kwa kubanana, watu wa nyumba mbili wakalala katika moja ili kodi iwe moja. Waingereza walipochukua nchi baada ya Vita Kuu ya Kwanza waliendeleza mtindo huo kwa sheria ya kodi ya kibanda na kichwa ya mwaka 1922. Mwenye wake wengi alilipia kibanda cha kila mke. Kijana asiye na nyumba alilipia kichwa chake. Hakuna aliyeponea hapo.

Kulikuwa na kusudi la pili ambalo watawala hawakulificha. Rupia, na baadaye shilingi, haioti kwenye mgomba. Ilibidi mtu auze kahawa au akafanye kibarua. Kwa upande wetu kahawa ndiyo iliyolipa. Ile buni iliyokuwa ikichemshwa, ikakaushwa na kutafunwa kama ishara ya heshima na undugu, ikageuka kuwa zao la kulipia paa.

Je, mlipa kodi alipewa nini mkononi? Stakabadhi. Mzee mmoja wa Nyaishozi alinionyesha za baba yake, zimefungwa katika kitambaa, karatasi zimekuwa laini kama ngozi. Alizihifadhi kwa imani kwamba ni ushahidi wa umiliki. Sikuwa na moyo wa kubishana naye. Stakabadhi ya kodi inathibitisha kwamba ulilipa. Haisemi kibanja ni cha nani wala mipaka yake inaishia wapi.

Sheria za ardhi za wakati huo zilisema lugha nyingine kabisa. Mjerumani mwaka 1895 alitangaza kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni ya dola, na mwenye kuamua ipi haina mwenyewe alikuwa yeye. Mwingereza mwaka 1923 akaiweka ardhi yote ya Tanganyika chini ya Gavana, akasema raia ana haki ya kuitumia tu. Mwaka 1928 sheria ikarekebishwa ili haki ya mwenyeji kwa mila nayo itambuliwe. Ilitambuliwa, lakini haikuandikwa popote. Mzungu au Mhindi aliyepimiwa kiwanja mjini Bukoba alikuwa na hati yenye namba. Mnyambo wa Bugene alikuwa na kauli ya majirani zake.

Juu ya hayo yote kulikuwa na sheria za miaka ya 1920 na 1930 zilizobana utoaji wa mikopo kwa wenyeji. Mfanyabiashara asiye Mwafrika aliyemkopesha Mwafrika bila kibali cha serikali hakuweza kumdai mahakamani. Walisema ni kumkinga mwenyeji asinyonywe. Inawezekana wapo walioamini hivyo kwa dhati. Matokeo yake lakini ni kwamba wakati mwenzetu wa Asia alikuwa akijifunza kukopa benki kwa dhamana ya duka lake, babu zetu walifungiwa mlango huo kisheria. Walikuwa watu wazima kwa kodi, watoto kwa mkopo.

Sasa msikilizaji usidhani kwamba watu wetu hawakukopa. Walikopa, na bado wanakopa, kwa njia zao. Njia mashuhuri kuliko zote ni butura. Mkulima mwenye shida, mtoto anadaiwa ada au mgonjwa yuko hospitali ya Nyakahanga, anamwendea mwenye fedha na kumuuzia kahawa ambayo bado ni maua mtini. Bei inapangwa siku ile, na kwa kawaida ni ndogo mno. Mavuno yakifika, mnunuzi anakuja kuchukua chake. Serikali imeipiga marufuku butura mara nyingi, na kila kiongozi mpya wa mkoa huanza kwa kuilaani. Mimi pia siipendi. Lakini tuseme kweli: butura ilidumu kwa sababu ilikuwa benki pekee iliyofika Kaisho na Mabira usiku wa manane bila kudai hati wala fomu.

Na tazama jambo moja katika butura ambalo wataalamu wengi hulipita. Kinachowekwa ni ua la kahawa, si kibanja. Mkulima anaweza kupoteza mavuno ya msimu mzima, akalala njaa, lakini anabaki nyumbani kwake, na msimu ujao mbuni utachanua tena.

Kibanja chenyewe nacho kiliweza kuwekwa rehani, ila kwa masharti ya ukoo. Mwenye kukiweka aliweza kukikomboa kwa kurudisha fedha. Na kama alikiuza moja kwa moja kwa mtu wa nje bila idhini ya ndugu, ndugu hao waliweza kumrudishia mnunuzi fedha zake na kukirejesha kibanja katika ukoo. Kwa Wahaya na Wanyambo hili lilikuwa jambo la kawaida. Ni kama kila kibanja kilikuwa na kamba isiyoonekana, na ncha yake ya pili ikashikwa na ukoo mzima.

Kamba hiyo ilipimwa mahakamani katika kesi iliyotokea kwa jirani zetu wa Muleba, nayo ilikuja kujulikana nje ya mipaka ya nchi. Mwanamke mmoja alirithi ardhi ya ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia halali. Mwaka 1988 akaiuza kwa mtu wa nje ya ukoo kwa shilingi 300,000. Mtoto wa ndugu yake akafungua kesi, akisema kwamba kwa mila, kama ilivyoandikwa katika tangazo la serikali la mwaka 1963, mwanamke anaweza kuitumia ardhi ya ukoo lakini hawezi kuiuza. Mahakama ya mwanzo ikakubaliana naye, mahakama ya wilaya ikakataa, na shauri likafika Mahakama Kuu Mwanza mbele ya Jaji James Mwalusanya.

Hukumu ilitoka Februari 1990. Jaji alisema kwamba tangu haki za binadamu ziingizwe katika Katiba yetu mwaka 1984, mila hiyo haina nguvu tena, na mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kurithi na kuuza. Hii ndiyo sehemu ambayo kila mwanaharakati anaikumbuka, na anastahili kuikumbuka. Sehemu ya pili hutajwa kwa nadra. Jaji hakuikata ile kamba ya ukoo. Alisema ndugu bado ana nafasi ya kukomboa ardhi kwa kumlipa mnunuzi zile shilingi 300,000, akampa miezi sita. Akishindwa, ardhi iwe ya mnunuzi. Kwa maneno mengine, mume na mke sasa wako sawa, na wote wawili bado wamefungwa kamba.

Mimi si mwanasheria. Lakini jiweke katika kiti cha meneja wa benki. Anaisoma hukumu hiyo anaonaje?

Uhuru ulileta mabadiliko makubwa, nami nitayapita kwa haraka kwa kuwa mengi tumekwisha kuyazungumza siku nyingine. Mwaka 1963 umiliki binafsi wa kudumu wa ardhi ulifutwa na kugeuzwa upangaji wa serikali, kisha mwaka 1969 haki ya kuitumia. Nyarubanja ilivunjwa kwa sheria ya 1965 na ile ya 1968, mtwarwa akawa huru katika nyumba yake, na hilo ni tendo ambalo serikali ya Mwalimu haisifiwi vya kutosha huku kwetu. Azimio la Arusha la 1967 likamkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha. Mwaka 1971 majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yaliyokuwa yakipangishwa yakataifishwa. Nyumba ya kupangisha ikawa jambo la kuonea haya. Wale wenye uwezo wa kujenga walijifunza kujenga kimya kimya, ama kutojenga kabisa.

Katika kipindi hicho hicho ndipo nchi ilipojaribu kwa mara ya kwanza kumkopesha mwananchi wa kawaida fedha za nyumba. Benki ya Nyumba Tanzania, THB, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1972. Baadaye ukawepo mfuko maalumu wa nyumba za wafanyakazi na wakulima, uliochangiwa kwa kodi iliyotozwa juu ya mishahara. Nia ilikuwa njema sana. Lakini mkopo wa nyumba hutaka hati, hati hutaka kipimo, na wapimaji walikuwa wachache na mjini. Mfanyakazi wa Dar es Salaam au Mwanza alikuwa na nafasi. Mkulima wa Karagwe mwenye kibanja kisichopimwa aliisikia THB redioni. Benki ilikopesha, wakopaji wengi hawakulipa, wengine kwa kujua majina yao yanatosha kuwakinga, na mwaka 1995 ikafilisika na kufungwa. Tangu hapo, kwa miaka mingi, mtu mwenye kutaka kujenga hakuwa na chombo hata kimoja cha kumkopesha kwa muda mrefu.

Kodi, kwa upande wake, haikufilisika. Ile ya kichwa iliondolewa kwa muda, ikarudi miaka ya 1980 kwa jina la kodi ya maendeleo. Wa umri wangu tunaikumbuka vizuri. Nikiwa shule ya msingi niliwaona watu wazima, baba za wenzangu, wakikimbilia migombani mgambo walipotokea barabarani. Ilifutwa mwaka 2003. Lakini wakati huo sheria ya 1983 ya kodi ya majengo ya mijini ilikuwa imekwisha kuandikwa, ikisubiri miji yetu ikue.

Mlango mpya ulifunguliwa na sheria mbili za mwaka 1999, Sheria ya Ardhi namba 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji namba 5, zilizoanza kutumika Mei 2001. Kwa mara ya kwanza kibanja cha mila kiliweza kuandikwa, na halmashauri ya kijiji ikatoa Hati ya Hakimiliki ya Kimila. Mwaka 2004 ukaja MKURABITA, mpango wa kurasimisha rasilimali na biashara za wanyonge, ukiongozwa na fikra za yule mchumi wa Peru, Hernando de Soto, kwamba maskini ana mali nyingi ila imelala kwa kukosa karatasi. Mpe karatasi, itaamka, atakwenda nayo benki. Mwaka 2008 ikatungwa sheria maalumu ya mikopo ya rehani, na mwaka 2010 ikaundwa TMRC, kampuni ya kuyakopesha mabenki ili nayo yakopeshe wajenzi kwa muda mrefu.

Ni zaidi ya miaka 20 sasa tangu sheria zile zianze, na rehani za nyumba nchi nzima ni za maelfu machache tu, sehemu kubwa zikiwa Dar es Salaam. Riba kwa miaka mingi ilikuwa kati ya asilimia 15 na 19. Hesabu mwenyewe. Mkopo wa shilingi milioni 20 kwa riba ya asilimia 17 unadai milioni 3 na laki 4 za riba katika mwaka wa kwanza, kabla hujagusa deni lenyewe. Ni wangapi Kyerwa wanaopokea mshahara wa kubeba mzigo huo? Watumishi wachache, basi. Kahawa hailipi kila mwezi.

Na sasa tunarudi kwa meneja wetu wa benki. Amepewa hati ya kimila ya kibanja cha Isingiro. Inaonyesha mipaka, jina na muhuri wa kijiji, yote sawa. Anajiuliza: huyu asipolipa nitamuuzia nani? Mtu wa nje ya kijiji hapati ardhi ya kijiji bila halmashauri ya kijiji kukubali. Mwanakijiji mwenzake hatataka kununua kibanja chenye makaburi ya jirani yake na kukabiliana na macho ya ukoo kila asubuhi. Kama ni nyumba ya wanandoa, sheria inataka mwenzi naye aridhie kwa maandishi, na hilo ni jema, limewaokoa wanawake wengi. Aidha mali yenyewe inaweza kunyauka. Ugonjwa wa mnyauko wa mibuni ulithibitishwa Kagera mwaka 1997, na wa migomba ukatuingilia mwaka 2006; kuna vibanja Karagwe vilivyobaki udongo mtupu. Kisha tarehe 10 Septemba 2016 ardhi ikatikisika. Tetemeko lile liliangusha nyumba kwa maelfu mkoani, zaidi zile za matofali yaliyoungwa kwa tope, na ni wachache mno waliokuwa na bima. Meneja anafunga jalada, anamrudishia mteja hati yake kwa adabu.

Tulijaribu kuwa na benki yetu wenyewe, iliyoijua kahawa. Benki ya Wakulima Kagera ilikuwa ya ushirika, na mkulima aliingia pale bila kuvaa tai. Januari 2018 Benki Kuu ilifuta leseni yake pamoja na nyingine nne kwa kukosa mtaji wa kutosha. Waliobaki nasi ni SACCOS, vikundi vya kina mama vya kuweka na kukopa, mabenki makubwa yenye matawi Kayanga, na yule mwenye fedha wa butura, ambaye hajawahi kufutiwa leseni kwa kuwa hana.

Rai yangu ni hii. Chukueni hati za kimila, tena andikisheni majina ya mume na mke. Zinafaa sana siku ya ugomvi wa mpaka na siku mjane anapoambiwa na mashemeji afungashe virago. Lakini waliokuja vijijini kuzinadi kama tiketi ya mkopo walitukosea. Kibanja hakikuumbwa kiwe dhamana ya mkopo wa miaka mitatu wa kununulia pikipiki. Kama ni lazima kuweka rehani, afadhali kiwanja kilichopimwa Omurushaka au Rubwera, ambacho hakina kaburi, kinaweza kuuzwa na familia ikabaki na mahali pa kulala. Na kama serikali ina nia ya kweli ya kumkopesha mkulima, ikopeshe juu ya kahawa iliyoko ghalani kwa chama cha msingi, kwa bei ya haki, ili butura ife kwa kukosa wateja. Mzigo wa kahawa ukipotea, unalimwa mwingine.

Imebaki ile kodi ya LUKU, ambayo yule mama wa Nkwenda aliianza nayo. Mwaka 2016 ukusanyaji wa kodi ya majengo ulitolewa halmashauri na kupewa TRA, ikatozwa kwa viwango maalumu, kisha mwaka 2021 ikapandishwa kwenye mita. Ni njia rahisi, sibishi. Lakini mita haijui mwenye nyumba. Mpangaji wa chumba kimoja pale Kayanga akinunua umeme wa shilingi 2,000, kodi ya mwenye nyumba inakatwa kutoka mfukoni mwake. Serikali ilisema mpangaji aelewane na mwenye nyumba kwenye pango. Wanaojua kupanga wanajua mazungumzo hayo huishia wapi.

Kuna mambo mawili ambayo wananchi wengi hawaambiwi. Mzee wa miaka 60 na zaidi anayeishi katika nyumba yake mwenyewe amesamehewa kodi kwa nyumba hiyo moja. Lakini msamaha hauji wenyewe, lazima aende TRA au ofisi ya mtendaji na kuomba mita yake ishughulikiwe. La pili ni kwamba sheria imeziacha nyumba za udongo na za nyasi. Ile msonge iliyodaiwa rupia 3 wakati wa Mjerumani, leo ingekuwa huru. Anayedaiwa ni aliyeezeka bati.

Na aliyeezeka bati, huku kwetu, hakukopeshwa na mtu. Pita barabara ya kutoka Kayanga kwenda Nkwenda utazame kuta zilizosimama bila paa, majani yameota ndani. Msimu mmoja wa kahawa umetoa msingi, wa pili umetoa kuta hadi kwenye madirisha, wa tatu bei ilianguka. Mwenyewe anangoja wa nne. Siku akipaua na kuvuta umeme, mita itaanza kumdai mwezi ule ule.